Kukopeshwa Bila Kukopa

Miongoni mwa vitenzi ambavyo kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuvinyambua ni kitenzi kopa. Mwalimu huandika ubaoni kopa, kopesha, kopeshwa, kopeshana, na darasa zima huitikia kwa pamoja bila taabu. Kopa ni tendo la mwenye shida: yeye ndiye aendaye kwa mwenye mali, akajieleza, akaahidi, kisha akapewa. Kopesha nayo ina kiambishi cha usababishi, na kwa hiyo maana yake ya asili ni kumfanya mtu akope, ingawa katika matumizi ya kila siku hatuielewi hivyo. Tunaelewa kwamba mwenye mali amelikubali ombi la aliyemwendea. Ni nadra kwa lugha yetu kumfikiria mtu aliyekopeshwa ambaye hakukopa. Hata hivyo, biashara ya intaneti imetuletea mtu wa aina hiyo, na yafaa walimu na wanafunzi, ambao ni wengi miongoni mwa wanunuzi wa siku hizi, wamtazame vyema.

Ninazungumzia akaunti ya mkopo ambayo duka humfungulia mnunuzi anapolipia bidhaa kwa simu au kompyuta. Mtu huingia katika duka hilo akiwa na haja ndogo tu: viatu vya mtoto, kamusi, pasi ya umeme. Akishaweka alichokichagua kikapuni, hufika mahali pa malipo, na hapo huombwa jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Hayo hayamshangazi, kwani siku hizi hata mlangoni mwa jengo la ofisi huulizwa karibu hayo hayo. Chini ya nafasi hizo pana kisanduku ambacho kimekwisha kutiwa alama ya vema kabla hajakigusa, na chini yake kitufe kikubwa cha rangi ya kung'aa kinachomwambia aendelee, pamoja na ahadi kwamba akiendelea atapunguziwa bei. Anaendelea. Anaamini kwamba amejiandikisha kuwa mteja wa duka. Kumbe amefunguliwa akaunti ya mkopo yenye kikomo chake, riba yake, tarehe zake za malipo na faini yake kwa atakayechelewa.

Mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye miaka kadhaa iliyopita alikuwa mwanafunzi wangu, alinipigia simu akiwa na swali ambalo alisema ni la sarufi. "Mwalimu," akaniuliza, "mtu akidaiwa deni ambalo hakuliomba, tuseme amekopa au amekopeshwa?" Nilidhani anatunga mtihani. La hasha. Alikuwa amenunua blenda katika duka moja la mtandaoni. Kijana aliyemletea kwa pikipiki alipoulizwa atalipwaje, alitazama karatasi yake akasema kwamba bidhaa imekwisha kulipiwa. Mama huyo akalipigia duka simu mara mbili asipate wa kumjibu. Siku thelathini baadaye ikaja arafa ikimjulisha kwamba tarehe ya awamu ya kwanza imepita na kwamba ada ya kuchelewa imeongezwa. Alipolalamika, alijibiwa kwamba aliyakubali masharti tarehe fulani, saa mbili na dakika kumi na saba za usiku. Waliijua hata dakika. Alipowaomba wamwonyeshe mahali ambapo neno mkopo liliandikwa katika kiwambo alichokibofya usiku huo, walimpelekea waraka wa Kiingereza wa kurasa kumi na nne. Neno hilo lilikuwa katika ukurasa wa tisa.

Najua jibu ambalo wenye maduka watalitoa, na pengine baadhi ya wasomaji wangu pia: mtu mzima, tena mwalimu, hana budi kusoma kabla ya kubofya. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana mikataba haiwezi kutegemea usahaulifu wa watu. Lakini kila aliyewahi kusahihisha karatasi za mtihani anajua jambo moja. Mwanafunzi mmoja akilikosea swali, huenda hakujisomea. Wanafunzi arobaini wakilikosea swali lile lile, kwa namna ile ile, mtahini mwenye busara huacha kuwalaumu akarudi kulikagua swali lake.

Na waliokosea swali hili si haba, wala hawakuanzia kwetu. Mnamo Mei 2015, shirika la serikali ya Marekani linalowalinda watumiaji wa huduma za fedha liliishtaki kampuni ya PayPal katika mahakama ya shirikisho. Kampuni hiyo ilikuwa na huduma ya mkopo iliyoitwa Bill Me Later, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa PayPal Credit. Kwa mujibu wa madai ya shirika hilo, wanunuzi wengi waliokuwa wakifungua akaunti ya kawaida, au waliokuwa wakilipia tu bidhaa, walijikuta wameandikishwa katika mkopo bila kujua. Wengine mkopo huo ulikuwa umetangulizwa kuwa ndio njia yao ya kulipia, hata walipodhani kwamba wametumia kadi au benki yao. Baadhi yao waligundua pale tu walipopokea hati ya madai, au walipopigiwa simu na wakusanya madeni ilhali faini na riba zimekwisha kurundikana. Kesi ilimalizwa kwa maafikiano: dola milioni 15 ziwarudie wateja, na dola milioni 10 ziwe adhabu. Msomaji azingatie kwamba watu hao waliandikiwa kwa lugha yao ya nyumbani. Kama Mmarekani aweza kupotea njia katika Kiingereza chake mwenyewe, mnunuzi wa Kakamega au wa Malindi anayekisoma kama lugha ya shuleni yuko mahali pagumu zaidi.

Wanaisimu tuna la kusema hapa, na kwa maoni yangu tumelinyamazia kwa muda mrefu mno. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1955, nayo ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, baada ya kifo chake. Alionyesha kwamba kuna maneno ambayo hayaelezi jambo bali hulitenda. Asemaye "naahidi" haelezi ahadi; anaitoa. Asemaye "nakubali" mbele ya wanaohusika amekwisha kukubali. Lakini Austin alisisitiza kwamba tendo la namna hiyo lina masharti yake. Lazima liwe na utaratibu unaotambuliwa na pande zote, litendwe na mtu anayestahili kulitenda, na anayelitenda ajue ni tendo gani. Mtu akipita bandarini akaivunjia chupa meli asiyoijua na kutamka jina, meli haijapewa jina, hata kama maneno yalikuwa sahihi.

Waswahili hawakumngoja Austin ili kulijua hilo. Neno kubali lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na huko pwani lingali limebeba uzito wake katika ndoa ya Kiislamu, ambayo husimama juu ya ijabu na kabuli. Walii au mwakilishi wake hutamka kwamba anamwoza fulani kwa mahari kadha, bwana harusi hujibu kwamba amekubali kumwoa kwa mahari yaliyotajwa, mashahidi husikia. Maneno hayo bwana harusi hakuyatunga yeye. Amefundishwa, mara nyingine papo hapo, neno kwa neno. Lakini hayatoki ila kinywani mwake, na kile anachojifunga nacho hutajwa kwa sauti palepale, si katika waraka atakaousoma akishafika nyumbani.

Sasa tukitazame kitufe cha dukani. Kinasema "Endelea". Hilo ni neno la amri au la mwaliko, na anayelisema ni duka. Mnunuzi ndiye anayeambiwa. Lakini akishakibofya, duka hulisoma neno lile lile kana kwamba lilitoka kinywani mwa mnunuzi: nimekubali, nimeomba mkopo, nitalipa riba. Katika miaka yangu yote ya kufundisha semantiki sijaona mahali pengine ambapo kauli moja hubadilisha msemaji wake kwa kuguswa tu. Hata pale kitufe kinapoandikwa "Nimekubali", nafsi ya kwanza hiyo imetungwa na muuzaji, kuhusu jambo ambalo muuzaji amelificha nyuma ya kiungo cha herufi ndogo. Na maneno ninayoyaona yakizidi kutumiwa, "lipa baadaye", ni ya kijanja zaidi. Yana kitenzi lipa, ambacho ni kitenzi cha mwungwana anayemaliza deni, mahali ambapo panastahili kitenzi kopa, cha mtu anayelianza.

Wazee wetu wasiojua kusoma walikuwa wakipakwa wino kwenye kidole gumba, wakakibandika juu ya karatasi. Tunafundisha katika somo la historia kuhusu mikataba ya 1904 na 1911 kati ya Waingereza na Wamaasai, iliyoandikwa kwa lugha ambayo waliotia alama zao hawakuisoma, na ardhi ikaenda. Silinganishi blenda na Laikipia. Nataka tu kusema kwamba mwanasheria mwangalifu wa leo, akiletewa mtu asiyejua kusoma, humsomea waraka na kumfasiria, kisha huandika kwamba amefanya hivyo, kabla ya kidole kugusa karatasi. Sisi wenye shahada tunabandika kidole gumba kile kile juu ya kioo mara kadhaa kwa siku, na hakuna anayelazimika kutusomea chochote.

Ujerumani ililikabili jambo hili kwa njia ambayo inamfurahisha mwanaisimu. Tangu tarehe 1 Agosti 2012, sheria ya huko inamtaka muuzaji wa mtandaoni aandike juu ya kitufe chenyewe, si pembeni wala chini yake, maneno yenye maana ya "agiza kwa wajibu wa kulipa", au mengine yaliyo wazi kwa kiwango hicho, na yasiambatane na maneno mengine. Akiandika vinginevyo, mnunuzi hafungwi. Sheria hiyo inakwenda sambamba na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011. Aprili 2022 mahakama ya umoja huo, iliyoko Luxembourg, ilisikiliza swali lililotokana na hoteli moja ya Krummhörn, Ujerumani. Mteja alikuwa amechukua vyumba vinne kupitia Booking.com kwa kubofya kitufe chenye maana ya "kamilisha uwekaji nafasi". Hakutokea, na hoteli ikamdai euro 2,240. Mahakama iliamua kwamba yatazamwe maneno ya kitufe peke yake. Mengine yote aliyoyaona mnunuzi katika hatua za kabla ya hapo hayawezi kukiokoa kitufe. Kisha ikamwachia hakimu wa Ujerumani aamue kama neno la Kijerumani la kuweka nafasi, katika mazungumzo ya kawaida ya watu, lazima libebe maana ya kulipa. Wanafunzi wanaoniuliza kila mwaka semantiki itawafaa nini maishani, jibu ni hilo.

Mahakama hiyo hiyo, Oktoba 2019, ilikuwa imekwisha kukataa visanduku vilivyotiwa alama mapema. Kesi ilihusu faragha, haikuhusu mikopo, lakini msingi wake ni mmoja: mtu aliyeacha kuondoa alama iliyowekwa na mwenzake hajasema neno lolote.

Hapa kwetu hatuna upungufu wa sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa na huduma. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji wa intaneti ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa na ya kusahihisha makosa kabla mkataba haujafungwa. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 ziliwaweka wakopeshaji wengi wa simu chini ya Benki Kuu, lakini ziliuacha nje mkopo ambao ni nyongeza tu ya uuzaji wa bidhaa, yaani mlango ule ule ambao duka hupitia. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2024 ilipanua mamlaka ya Benki Kuu hata yakafikia biashara ya kununua sasa na kulipa baadaye. Hiyo ni hatua njema. Linalokosekana katika mlolongo huu wote ni lile ambalo Wajerumani walianza nalo: neno lenyewe juu ya kitufe, na lugha ya neno hilo.

Nasema lugha kwa sababu kuna kinyume cha ajabu katika soko letu la mikopo. Majina ni ya Kiswahili, tena Kiswahili kitamu. M-Shwari ya 2012 ilitukumbusha bahari iliyotulia. Okoa Jahazi ilimfanya aliyeishiwa na salio ajione nahodha. Fuliza ya 2019 ilikifufua kitenzi ambacho vijana wengi walikuwa wamekisahau, na Lipa Mdogo Mdogo ya 2020 iliitumia takriri kama mshairi. Sisemi kwamba huduma hizo huwakopesha watu bila idhini yao. Nazitaja kwa ajili ya majina tu. Mwenye kutafuta wateja anajua fika kwamba Kiswahili ndicho kinachoingia moyoni. Lakini ukija wakati wa kufunga mkataba, aghalabu lugha hubadilika ghafla ikawa Kiingereza cha mawakili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha iliyo rasmi kwa kumvutia mteja na isiwe rasmi kwa kumweleza deni lake imepewa nusu ya heshima.

Lakini nawatahadharisha wenzangu wa idara za Kiswahili wasidhani kwamba tafsiri peke yake itatosha. Nimeziona tafsiri za masharti ya benki ambazo zilinilazimu kurudi kwenye Kiingereza ili nielewe Kiswahili. Tukimwandikia mnunuzi kwamba "mteja anaridhia kufungika na vigezo tajwa vya ukwasi", tumembadilishia pazia tu. Maneno yanayohitajika ni machache na yako sokoni tayari: kopa, deni, riba, faini, siku ya kulipa. Mama muuza duka mtaani anayeandika katika daftari lake kwamba fulani amekopa unga na mafuta, akamwonyesha alichoandika na kumtajia jumla, anatimiza matakwa ya Austin na ya Wajerumani kwa pamoja. Naye huyo hutundika ukutani kibao cha "kukopa harusi, kulipa matanga", onyo ambalo sijawahi kuliona kwenye kiwambo cha duka lolote la intaneti.

Kwa nini niwasumbue wanafunzi na jambo hili, wengi wao wakiwa hawana mshahara? Kwa sababu wao ndio watakaolipa gharama kubwa zaidi. Deni lililosahaulika, au ambalo halikujulikana kamwe, laweza kufika katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, zile tunazoziita CRB, na waajiri wengi huwataka wanaoomba kazi walete cheti cha ofisi hizo. Aprili 2020 Benki Kuu iliagiza kwamba madeni yasiyofika shilingi 1,000 yasipelekwe huko. Ilikuwa nafuu, lakini blenda au simu ya bei ya wastani inazidi kiwango hicho mara nyingi. Kijana aliyehitimu ualimu aweza kukataliwa kazi kwa ajili ya kitufe alichokibofya akiwa mwaka wa pili, akidhani anapata punguzo la bei ya viatu.

Mkopo wenyewe sina ugomvi nao. Walimu wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa mikopo ya vyama vya ushirika, na huko mtu hujaza fomu, hutafuta wadhamini, husubiri, hata hakuna awezaye kudai kwamba hakujua. Ninachopendekeza ni kwamba katika kanuni zinazosimamia biashara hii ya kulipa baadaye, Benki Kuu iweke sharti la kitufe. Kitufe cha kununua kiwe peke yake na cha kukopa kiwe peke yake. Kisanduku kisitiwe alama na mwingine ila mnunuzi. Na kitufe cha kukopa kiandikwe kwa lugha zote mbili rasmi, maneno haya au yanayofanana nayo: "Ninakopa shilingi kadha, nitalipa shilingi kadha, kufikia tarehe kadha." Kitenzi kiwe kopa, nafsi iwe ya kwanza, na kiasi kitajwe. Duka likiandika neno jingine, mnunuzi alipe bei ya bidhaa aliyoipokea tu, bila riba wala faini.

Hadi hapo, aliyejikuta na akaunti asiyoiomba asikae kimya wala asikimbilie kulipa faini kwa aibu. Aliandikie duka kwamba hakuomba mkopo, alipe au arudishe bidhaa, aitake akaunti ifungwe na taarifa zake zisipelekwe kwingine, na ahifadhi nakala za kila kitu. Kisha aombe kuonyeshwa kiwambo chenyewe kama kilivyokuwa siku ile, si waraka wa kurasa kumi na nne. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema kwamba idhini ya mtu kutumiwa kwa taarifa zake lazima iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye ufahamu, na kwamba mzigo wa kuthibitisha kuwa idhini hiyo ilitolewa ni wa yule anayezitumia taarifa. Mwalimu wa blenda amekwisha kuwaandikia hivyo, kwa Kiswahili. Wamemwomba atume tafsiri.